Karata za Mtu Pekee Ndani ya Kompyuta: Hukumu Yake na Khasara Yake

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Aliyetupa umri kwa kipimo anachokijua Yeye peke Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya: ndugu zetu wahudhuriao darasa wametuletea suali ambalo limezusha mabishano barazani. Suali lenyewe ni juu ya karata zile ambazo mtu huzicheza peke yake katika kompyuta ya nyumbani, mchezo uitwao Solitaire. Wako wasemao ni haramu moja kwa moja, kwani karata ni karata, ziwe za karatasi au za kioo. Na wako wasemao hapana neno hapo hata kidogo, maadamu hapana mpinzani, hapana fedha, na hapana aliyedhulumiwa. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamefanya haraka. Yatupasa kwanza tulijue jambo lenyewe, kisha tulipime kwa mizani ya sharia, kisha tutazame latuchukulia nini.

Mchezo huu ulikuwako kwa karata za kawaida tangu zamani, kabla ya kompyuta. Ulioenea majumbani ni ule ambao kampuni ya Microsoft iliutia ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990. Aliyeutengeneza ni kijana aitwaye Wes Cherry, ambaye wakati huo alikuwa mwanagenzi katika kampuni hiyo, na picha za karata zilichorwa na Susan Kare. Yasemwa kuwa moja katika faida zilizokusudiwa ilikuwa kuwazoeza watu kutumia kipanya, kwa kuikamata karata na kuiburura mpaka mahali pake. Basi lililoletwa kuwa somo la siku chache limekuwa ada ya miaka. Mwaka 2019 mchezo huu ulitiwa katika orodha ya heshima ya michezo ya kompyuta inayowekwa na jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, Marekani.

Jozi ya karata ina karata 52. Katika mchezo uliozoewa zaidi, karata 28 hupangwa katika safu saba, na katika hizo 21 hufunikwa. Zilizobaki 24 huwekwa kando. Mchezaji hutakiwa azipange kopa, uru, shupaza na pao, kila moja kwa daraja yake, kuanzia ree mpaka mzungu wa nne.

Tukija kwenye hukumu, la kwanza ni kwamba mchezo huu, ukichezwa bila ya kuwekeana fedha, si kamari. Kamari aliyoiharimisha Mwenyezi Mungu katika Surat al-Maida ni ile ambayo mtu huingia akiwa baina ya kupata mali ya mwenziwe na kupoteza yake. Ama zile karata za simu na kompyuta ambazo mtu hutia shilingi zake akitaraji kuvuna zaidi, hizo ni kamari wazi, hata zikivishwa jina la burudani. Juu ya hizo hatuna la kujadiliana.

La pili, maulamaa wa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i wametupa kanuni. Mchezo unaotegemea hesabu na fikra, kama sataranji, hauharimiki kwa nafsi yake, bali ni makuruhu, na mchezo unaotegemea bahati na kukisia tu, kama nardi ya dado iliyokatazwa na Mtume wetu (S.A.W.), huo ni haramu. Hata mankala, ambao ni ndugu wa bao letu, waliutaja wakaupima kwa mizani hii. Je, karata hizi ziko upande gani?

Ukweli ni kwamba si zote za namna moja. Uko mchezo wa FreeCell, ambao karata zote 52 zi wazi tangu mwanzo na hapana kilichofichwa. Katika michezo 32,000 iliyotiwa namba na Microsoft, watu wameweza kuimaliza yote illa mmoja, namba 11,982. Huu, baada ya karata kuchanganywa, ni fikra tupu, na wakaribia sataranji. Ama ule wa safu saba, mchezaji huanza akiwa na karata saba tu anazoziona, na 45 zi gizani. Waliouchunguza kwa hesabu wamekadiria kwamba katika kila michezo 100, kama 82 yaweza kumalizika, lau mchezaji angezijua zote zilizofunikwa. Lakini hazijui! Kwa hivyo mara nyingi hushindwa si kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa kujua. Hapa fikra na kukisia zimechanganyika, na mwenye kuukataza ana hoja kama alivyo na hoja mwenye kuulegeza.

Kwa sababu hii sisi hatuthubutu kusema ni haramu bila ya kupambanua. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Surat an-Nahl tusiziache ndimi zetu zikasema hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia uwongo. Mwenye kujiepusha na mchezo wenye shubuha ameilinda dini yake. Na mwenye kucheza, basi na ayajue masharti waliyoyataja maulamaa katika sataranji: kusiwe na fedha, kusiwe na maneno machafu, na sala isicheleweshwe ikatoka wakati wake. Imam an-Nawawi ameeleza wazi kwamba sataranji ikimpitisha mtu wakati wa sala huwa haramu. Basi likiwa hilo ni neno la sataranji, karata zitapataje ruhusa kubwa zaidi?

Na hapa ndipo penye khatari ambayo ndugu zetu hawakuitaja katika mabishano yao. Mtu achezaye bao barazani ana mwenziwe mbele yake. Adhana ikilia, mmoja husema, "Haya, tuinuke." Hata asiposema, mtu humwonea haya mwenziwe. Mwenzi huchoka, huitwa nyumbani, hughadhibika, hucheka. Ama kompyuta haichoki wala haina haya. Ukishinda yakupa mchezo mwingine; ukishindwa yakupa mchezo mwingine. Hapana wa kukuambia kwamba alfajiri yakaribia. Ule upweke tunaoudhania ndio udhuru wa mchezo huu ndio ubaya wake.

Wahenga wamesema: mali bila ya daftari huisha bila ya khabari. Na umri ni mali iliyo bora kuliko mali. Chukua kalamu, ewe ndugu, upige hesabu. Nusu saa kila siku ni saa 182 na nusu kwa mwaka. Yaani siku saba na nusu na ziada, usiku na mchana, bila ya kulala wala kula. Mwenye kucheza saa mbili kila siku ametoa mwezi mzima katika mwaka wake. Lau mtu angekuja mlangoni akakuomba umpe mwezi mmoja wa uhai wako bure, ungemfukuza. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba neema mbili watu wengi hupata khasara ndani yake, nazo ni afya na faragha; na kwamba mja hatoondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe umri wake ameumalizia katika nini. Hatoulizwa kama alizipanga shupaza zake sawasawa.

Tena iko amana ya kazi. Huyo Wes Cherry alikuwa ameutia mchezo wake kitufe cha siri: mkubwa wa kazi akitokea, mtumishi hukibonyeza, na pale pale hujitokeza karatasi ya hesabu ya uwongo, kama kwamba alikuwa akifanya kazi. Kampuni ilikitoa kitufe hicho kabla ya kuuza. Na mwaka 2006 Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, alimfukuza mtumishi wa mji baada ya kuuona mchezo huu katika kompyuta yake ya kazini. Watu walibishana kama adhabu ile ilizidi kiasi. Sisi twasema: mtumishi auzaye saa zake kwa mshahara, kisha akazirudisha kwake kwa siri, amekula asichokitolea kazi. Kitufe cha kumficha kwa mkubwa wake chaweza kutengenezwa. Cha kumficha kwa Mola wake hakiko.

Lakini tusije tukawa hodari wa kukaripia tu. Nani hasa acheza karata hizi majumbani mwetu? Mara nyingi ni mzee aliyestaafu, ambaye wanawe wako Ghuba na Ulaya, na wenziwe wa baraza wametangulia mbele ya haki. Au ni mama aliyefiwa na mumewe, ambaye baada ya siku za tanga hakuna aliyebisha hodi tena. Huyo hakuukimbilia mchezo kwa kupenda mchezo. Ameukimbilia kwa kukosa watu. Tukienda kumwambia "haramu!" kisha tukaondoka, tutakuwa tumemnyang'anya fimbo kipofu bila ya kumshika mkono. Kumzuru ni haki yake juu yetu, jirani kwa jirani, na huenda sisi tusiomzuru tukaulizwa kabla yake.

Basi shauri letu kwenu ni hili. Usicheze baina ya magharibi na isha; wakati huo ni wa msikiti, darasa, na mtoto aliyeshika juzuu yake akingoja kusikilizwa. Usicheze katika saa ulizozilipiwa. Usicheze baada ya isha mpaka ukailala alfajiri. Weka kiasi kabla hujaanza, wala usingoje kushinda ndipo uinuke, kwani kushinda hakuna mwisho. Na ukiona huwezi kuinuka, jua kwamba mchezo umekuwa bwana wako. Ufute, na mahali pake mpigie simu jamaa yako, au nenda kabishe hodi kwa jirani aliye peke yake. Kwa hivyo wapweke wawili watakuwa si wapweke tena.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie nyakati zetu, atusamehe zilizotupotea, na atujaalie tusikilizao neno tukafuata lililo bora. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.