Funguo Tatu, Nyumba Moja

Sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa ni la bati, la bluu, na lina kufuli tatu. Katiba ya kikundi, kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono, inasema funguo zikae kwa watu watatu wa nyumba tatu. Akina mama walioanzisha kikundi hapa Babati hawakusoma sayansi ya siasa. Walijua tu kwamba mtu mwema leo anaweza kubanwa na shida kesho, na siku hiyo ni afadhali akute kufuli ambalo hana ufunguo wake.

Ufunguo mmoja anao shangazi yangu, mwenyekiti. Wa pili nilikuwa nao mimi, katibu, niliyechaguliwa kwa sababu "huyu kasoma". Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba upande wa pili wa barabara. Mwaka jana nilirudi kuandika tasnifu ya shahada ya uzamili, fedha zikaniishia, nikahamia kwa shangazi. Hakuna aliyeona kwamba siku ile katiba ilivunjwa. Walioniona nimebeba godoro walinisifu kwamba shangazi sasa amepata msaidizi.

Ufunguo wa tatu unakaa kwa mama mmoja muuza mitumba. Siku moja alisafiri kwenda msibani Katesh, akapita kwetu akauacha, asije akaupoteza njiani.

Usiku huo shangazi alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Anafanya biashara ya mbaazi. Kulikuwa na magunia ya kumalizia kulipia, lori linaondoka alfajiri, na mtu aliyeahidi kumlipa hakutokea. "Ni siku tatu tu, mwanangu." Nikampa ufunguo. Akachukua shilingi 180,000 kutoka mfuko wa jamii, ule wa wagonjwa na waliofiwa.

Jumamosi ilipofika fedha zilikuwa hazijarudi. Hisa na marejesho huhesabiwa mbele ya wote, lakini kifuko cha mfuko wa jamii hatukifungui kama hakuna aliyeomba. Nilisimama nikasoma kiasi kilichoandikwa daftarini kana kwamba kimo. Wanachama wakaitikia, tukaendelea. Wiki hiyo hakuna aliyefiwa. Siku ya kumi na moja shangazi alirudisha zote.

Tasnifu yangu inahusu uhusiano wa Serikali na Bunge. Jumapili iliyofuata nilifungua kompyuta kuendelea na sura ya pili, nikashindwa kuandika sentensi hata moja.

Kwa ufupi, sura hiyo inalinganisha njia mbili. Uingereza, waziri mkuu na mawaziri wake wanatoka bungeni na wanaendelea kuwepo madarakani kwa imani ya bunge. Marekani, Rais na Kongresi wanachaguliwa mbalimbali, na waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Njia ya kwanza inaweka funguo nyumba moja, lakini inawapa waliomo uwezo wa kumtoa mkuu wa nyumba: mwaka 1990 Margaret Thatcher aliondoka baada ya kupoteza uungwaji mkono wa wenzake ndani ya chama chake mwenyewe. Njia ya pili inatenganisha nyumba.

Sisi tulianza mwaka 1961 kwa mtindo wa Uingereza, na tarehe 9 Desemba 1962 tukawa Jamhuri yenye Rais mtendaji. Leo Rais wetu anachaguliwa na wananchi. Kura ya kutokuwa na imani inaweza kumwondoa Waziri Mkuu, si yeye. Kumwondoa yeye kunahitaji mashtaka rasmi na theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini mawaziri wake lazima wawe wabunge. Ibara ya 62 inamhesabu Rais mwenyewe kuwa sehemu ya Bunge. Bunge likikataa bajeti, anaweza kulivunja. Mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake anapoteza na kiti. Halafu ibara ya 63 inalikabidhi Bunge hilo kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi.

Yaani tumeweka funguo nyumba moja kama Waingereza, na mkuu wa nyumba hatolewi kirahisi, kama Wamarekani. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge. Kura ya maoni ya Katiba mpya, iliyopangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na tumebaki na katiba ya 1977.

Nilikuwa nimeandika haya yote kwa ukali wa mtu asiyehusika. Niliandika juu ya Spika Job Ndugai, aliyehoji hadharani mikopo ya nchi mwishoni mwa mwaka 2021, akaomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu bila wabunge kupiga kura yoyote ya kumwondoa. Niliandika juu ya wabunge wanaopiga makofi. Neno nililolitumia lilikuwa "woga".

Sasa najua kwamba usiku ule sikuogopa. Shangazi asingenipiga wala kunifukuza. Yeye ndiye aliyenidhamini nilipokopa ada kwenye sanduku hilo hilo. Ninakula kwake. Nilichokuwa nacho ni shukrani, na shukrani ilinifunga mdomo vizuri kuliko kitisho chochote. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba asante ya punda ni mateke, na hakuna anayetaka kuwa punda. Mbunge anayetarajia uwaziri, au aliyeupata, huenda anapiga makofi kwa sababu kama yangu: anamheshimu aliyemwinua. Hiyo ni tabia njema iliyowekwa mahali pabaya.

Hivyo nimebadilisha swali la tasnifu. Sitauliza tena mfumo upi ni bora. Nitauliza: katika mfumo huu, kusema "hapana" kunamgharimu nini anayesema?

Kenya walijaribu kupunguza gharama hiyo. Katiba yao ya 2010 imewatoa mawaziri bungeni. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa lilipitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na "hapana" ikatoka barabarani, kwa vijana, na baadhi yao waliilipa kwa maisha. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuusaini. Nyumba zilikuwa mbili, ila kulikuwa na njia nyingine za kupitisha ufunguo dirishani.

Nasi tuna mfano wa upande wa pili. Februari 2008, chini ya katiba hii hii, kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa Richmond ilisoma taarifa yake, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Wengi waliosimama kuisema Serikali walikuwa wa chama chake. Nadhani gharama ilishuka kwa sababu walisema wengi, mbele ya nchi nzima. "Hapana" ya mtu mmoja usiku, kitandani, ni ghali mno.

Je, mimi nina kosa, au kosa ni la mpangilio wa funguo? Nimejaribu kujificha nyuma ya jibu la pili. Mpangilio ulifanya kukataa kuwe kugumu, haukufanya kusiwezekane. Aliyesoma daftari kwa sauti ni mimi.

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo. Niliomba upewe mtu wa mtaa mwingine, asiye na mkopo uliodhaminiwa na kiongozi. Walikubali. Mama muuza mitumba akauliza kwa nini. Nikasema nimebanwa na masomo.

Juzi jioni nilimsomea shangazi maandishi haya, tumekaa nje tunachambua mbaazi, Mlima Kwaraa umeshaanza kuwa mweusi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hazikuwa siku kumi na moja," akasema. "Zilikuwa kumi na mbili. Mimi nilizihesabu."

Nikamuuliza kama Jumamosi tuwaambie.

Alipepeta ungo kwa muda mrefu. "Anza wewe," akasema. "Mimi nitamalizia."