Waliombeba Hadi Mlangoni

Wapendwa, fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 3. Kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri ameketi mtu aliyezaliwa kiwete, na sura inayofuata yataja umri wake: amepita miaka 40. Tumezoea kuhubiri habari za Petro na Yohana waliomponya. Leo nataka tuwatazame wale waliombeba.

Maana walikuwapo! Kila siku walimnyanyua, wakamfikisha, wakamweka. Nguvu walikuwa nazo. Muda walikuwa nao. Hata upendo sitawanyima. Ila safari yao ilikuwa moja tu, ya kwenda kuomba.

Ndugu zangu, hao ni sisi. Krismasi ikifika tunawabebea watu wenye ulemavu unga, mafuta na vitenge, na mpiga picha hakosekani. Wiki moja baadaye kijana yuleyule tuliyempa yuko kwenye mataa ya barabarani na kopo lake.

Sheria tunayo. Ile ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, 2 ni zao. Vizuri! Lakini mwajiri atasema hakupata mwenye ujuzi, na mkopo wa cherehani kwa binti ambaye hakufundishwa hata kukata kitambaa ni deni tu. Ujuzi ndio uanze, nao una gharama: karakana inayopitika kwa kiti mwendo, mkalimani wa lugha ya alama anayelipwa mshahara badala ya ahsante, vitabu vya nukta nundu, bweni, choo kinachoingilika, zana za kuondoka nazo siku ya kuhitimu. Harambee ya Jumapili haitayabeba hayo mwaka hadi mwaka. Ni mzigo wa hazina ya umma.

Wala msiniambie fedha hakuna. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara. Ujuzi wa nani? Serikali ina vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu, kama Yombo hapa Dar es Salaam, na vingine vilikaa vimefungwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Chuo kikifungwa, mwenye miaka 18 hakai akakingojea, anazeekea mlangoni!

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Basi inukeni sasa. Mwendeeni diwani, mwendeeni mbunge, na wenye ulemavu wawe wa kwanza kusema. Ulizeni: mmetenga shilingi ngapi kwa mafunzo yao ya ufundi, na ngapi zimefika chuoni? Wasipojibu, rudini wiki ijayo.