Usiuchane Ukurasa



Vijana wenzangu, tafakari ya leo inatoka mezani, kati ya gundi, magazeti ya zamani na kipande cha msasa. Msishangae. Bwana wetu alifundisha kwa chachu, wavu na sarafu iliyopotea, kwa hiyo hata daftari lina la kutuambia. Weka karibu Injili ya Yohane, sura ya 20 kuanzia aya ya 24 na sura ya 21 kuanzia aya ya 1. Soma kwanza, halafu tuendelee.

Kipindi cha Kwaresima, nikiwa kwenye uchungaji parokiani, nilikuwa nakutana na vijana saba kila Jumamosi saa kumi jioni. Tulikuwa tunatengeneza madaftari ya sanaa: ukurasa mmoja unachanganya karatasi, rangi, wino na maneno yako mwenyewe. Tulichagua mtindo wa kuchakaza, yaani ukurasa unaonekana kama umenyeshewa mvua, umekanyagwa barabarani, kisha mtu akauokota. Nitawaeleza unavyotengenezwa, maana tafakari yenyewe imo humo humo.

Kwanza unabandika. Chukua gazeti, tiketi ya basi, bahasha, karatasi za nyimbo zilizoisha kazi. Usikate kwa mkasi, chana kwa mkono, kwa sababu ukingo uliochanika unanyonya rangi vizuri zaidi. Bandika kwa gundi nyeupe iliyoongezwa maji kidogo, kisha subiri ikauke. Hapo ndipo wengi wanakwama. Ukipaka rangi juu ya gundi mbichi, karatasi inavimba na kutoa mikunjo, na ukiilazimisha inatoka yote.

Pili, unafunika. Wachoraji wana jeso, rangi nyeupe ya kutayarishia turubai. Sisi tulitumia rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani. Weka kidogo, uivute kwa ukingo wa vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa. Kuna sehemu itafunika kabisa, na kuna sehemu maandishi ya chini yatabaki yanachungulia. Ukitaka rangi isishike mahali fulani, pasugue kwanza kwa kipande cha mshumaa.

Tatu, unakwaruza. Rangi ikikauka, pitisha msasa taratibu. Kwenye mikunjo na kingo, tabaka la chini linatokea. Halafu dondosha chai ya rangi iliyokolea, inamisha daftari, iache itiririke. Kingo zisugue kwa mkaa kwa kidole. Mwisho ndipo unaandika neno lako, moja au mawili.

Sasa angalieni jambo hili. Hakuna hatua hata moja inayokuambia uondoe ukurasa. Doa linapokelewa, linafunikwa kidogo, linafunuliwa kidogo, na kazi inaendelea juu yake.

Mmoja wa wale saba, kijana wa miaka ishirini hivi, yeye alikuwa anachana. Rangi ikimwagika, anachana. Mwandiko ukipinda, anachana. Jumamosi ya tatu daftari lake lilikuwa limelegea lote. Alikuwa anatumia kaunta buku, na kaunta buku imeshonwa: karatasi ya mbele na ya nyuma ni karatasi moja iliyokunjwa katikati. Ukiing'oa ile mbaya, mwenzake, ambayo haina kosa lolote, inabaki inaning'inia. Nikamwuliza, kaka, mbona unalimaliza? Akajibu, “Frateri, nataka moja tu iwe safi.” Baadaye, wenzake walipokuwa wananawa mikono, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ana miaka miwili hajakomunika. Kila akitaka kwenda kuungama anajiambia ngoja kwanza niwe mtu mpya, ndipo niende. Anachobeba moyoni ni chake na sitakiandika hapa. Ila hiyo “ngoja kwanza” naijua, na nadhani wengi wenu mnaijua.

Katika falsafa tulisoma John Locke, aliyefananisha akili ya mtu anapoanza maisha na karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Locke alikuwa anaeleza maarifa yanatoka wapi. Sisi tumelichukua wazo kama lake na kulifanya ndoto ya kiroho: tunataka Mungu atupe karatasi nyeupe, tuanze kana kwamba hakuna kilichotokea. Tunafuta picha za mwaka ule, tunabadilisha namba ya simu, tunahama kanda, tunahama hata kwaya. Na kadiri tunavyong'oa, mema tuliyoshonwa nayo yanalegea: rafiki aliyetusimamia, sala tuliyojifunza kwa machozi, mama aliyekesha akitusubiri.

Zamani ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali. Watu waliikwangua maandishi ya kwanza, wakaandika upya juu yake. Mwaka 1819 Angelo Mai, mtunza maktaba ya Vatikano ambaye baadaye alikuja kuwa kardinali, alikuwa anachunguza nakala ya maelezo ya Mtakatifu Augustino juu ya Zaburi. Chini ya maneno ya Augustino akaona mwandiko mwingine uliofifia. Kilikuwa kitabu cha Cicero kuhusu jamhuri, ambacho sehemu yake kubwa ilidhaniwa imepotea. Kwa hiyo ngozi moja ilibeba yote mawili: mpagani chini, mtakatifu juu. Aliyeikwangua hakuitupa.

Turudi kwenye Injili. Usiku ule wa kumkana Bwana, Petro alikuwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu (Yn 18:18). Baada ya ufufuko, wanafunzi wanafika pwani na kukuta nini? Moto wa makaa, na samaki juu yake (Yn 21:9). Nani aliuwasha? Yesu mwenyewe. Hebu fikiria Petro anavyosikia harufu ile. Bwana angeweza kumpeleka mahali pasipomkumbusha chochote. Badala yake anamketisha palepale penye kidonda, anamlisha kwanza, halafu anamwuliza mara tatu juu ya upendo, yule aliyekana mara tatu. Na juu ya tabaka lile lile anaandika jambo jipya: anamkabidhi kondoo.

Tena Tomaso. Kristo ameshinda mauti, na bado ana alama za misumari. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliuliza swali hili wazi katika Summa yake: je, ilifaa mwili wa utukufu ufufuke na makovu? Jibu lake ni ndiyo. Makovu yale si upungufu katika mwili ule, ni alama ya ushindi. Mungu Baba angeweza kumfufua Mwanae bila kovu hata moja, na hakufanya hivyo.

Lakini hapa niwe makini, ndugu zangu, kwa sababu kila mfano una mahali unapochechemea. Daftari linachechemea mahali pawili.

La kwanza: dhambi haifunikwi kwa rangi. Kanisa linafundisha kwamba katika sakramenti ya kitubio dhambi inaondolewa kweli, haipakwi chokaa juu. Kinachobaki ni historia yako, pamoja na yale unayopaswa kurekebisha kwa uliyemkosea. Kwa hiyo asiniambie mtu, “Frateri, mimi naacha doa langu, ni sanaa.” Hapana. Doa la dhambi lipeleke kwa padre. Kovu ndilo unalobaki nalo bila aibu.

La pili: uchakavu wetu wa Jumamosi ni wa kutengeneza, kama suruali ya jinzi inayouzwa tayari imechanwa magotini. Vidonda vya kweli si vya kuweka status. Yesu mfufuka hakwenda kuonyesha majeraha yake uani kwa Pilato. Aliwaonyesha rafiki zake, ndani, milango imefungwa. Na kama kidonda chako ulitiwa na mtu mwingine, kama uliumizwa, hilo si kosa lako na hupaswi kulibeba peke yako. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, mweleze.

Yule kijana, Jumamosi ya nne, alikuja na mfuko wa nailoni. Ndani yake zilikuwa kurasa alizozichana, zote, hakuwa amezitupa. Tukapaka gundi kwenye mshono, tukazirudisha zilizolegea, na zile zilizochanika akazibandika vipande vipande juu ya ukurasa mmoja. Kama alikwenda kuungama, hilo ni kati yake na Mungu wake. Sikumwuliza.

Wiki hii, fanya hivi. Chukua daftari lolote. Bandika kitu kimoja cha mwaka ambao ungetamani usingekuwepo, hata kama ni risiti tu. Kifunike kidogo, ukikwaruze kidogo, kisha kaa nacho dakika kumi mbele ya msalaba. Andika juu yake jina la mtu mmoja aliyekupenda mwaka huohuo. Na kama una “ngoja kwanza” yako, angalia ratiba ya maungamo parokiani kwako. Huendi ukiwa umeshakuwa mpya. Unakwenda ili ufanywe mpya.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewasha moto wa makaa ili Petro apone, zishike kurasa zetu zote, hata zile tunazozionea aibu. Ondoa dhambi zetu, ponya vidonda vyetu, na andika juu yetu neno lako. Wewe unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.