Geti na Amri ya Nne

Soma: Kutoka 20:8–11, Kumbukumbu la Torati 5:12–15 na 22:8, Nehemia 13:15–22, Luka 16:19–31.

Huko Madale, pembezoni mwa Wilaya ya Kinondoni, si ajabu kuona kiwanja kilichozungushiwa ukuta kabla nyumba yenyewe haijainuka. Ndani mna mihogo michache, rundo la kokoto na tangi la maji. Mbele kuna geti la chuma lililokwisha kupigwa kufuli. Wapitao barabara ya kutoka Tegeta kwenda Goba hawageuzi hata shingo. Mwenye kiwanja akiulizwa kwa nini ameanza na ukuta, jibu la kwanza ni kwamba ndivyo watu wanavyofanya siku hizi. Jibu la pili ni zito zaidi: viwanja vya pembezoni mwa jiji huweza kuuzwa mara mbili, mipaka husogezwa, na nondo zilizolala nje usiku huamkia kwa mwingine.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wamejenga huku nje: Madale, Bunju, Goba, Chanika, Kigamboni. Wapo waliotoka kwenye vyumba vya kupanga Manzese, Sinza au Temeke, ambako walisikia kikohozi cha jirani kupitia ukuta, wakagombana juu ya Luku, wakapanga foleni ya choo saa kumi na moja alfajiri. Aliyeishi hivyo miaka kumi na mitano, kisha akapata kiwanja chake, ana haki ya kupenda utulivu. Mahubiri yanayomkemea bila kuikumbuka foleni ile ya choo hayatamfikia.

Kwa hiyo swali la somo hili si kama ukuta ni dhambi. Ukuta si dhambi. Swali ni la namna nyingine: desturi inapoingia nyumbani kwa sababu tu kila mtu anayo, ni nani anayeiuliza imekuja kufanya nini? Mtu humuuliza fundi bei ya tofali na idadi ya mifuko ya saruji. Ni nadra kumkuta anayejiuliza ukuta ule ukishasimama utamfanya awe mtu wa namna gani. Anayeitunza Sabato ana mahali pa kuanzia kuuliza, maana amri ya nne yenyewe inazungumza habari za malango.

Soma Kutoka 20:10 polepole, uwahesabu watu wanaotajwa. Yupo mwenye nyumba, mwanawe na binti yake, watumishi wake wa kiume na wa kike, na wanyama wake. Mwishoni yupo mgeni, yule asiye wa ukoo, aliyemo ndani ya malango. Amri haisemi “mgeni akitokea”. Inachukulia kwamba yumo tayari, kama inavyochukulia kwamba watoto wamo. Ni kweli kwamba malango yanayosemwa hapo yalikuwa ya mji, si ya kaya moja. Hilo linazidi kulitia swali uzito. Katika Israeli lango la mji lilikuwa mahali pa kukutana. Wazee waliketi pale, mashauri yaliamuliwa pale, na Boazi alipotaka kumkomboa Ruthu mbele ya mashahidi alikwenda langoni (Ruthu 4:1–11). Mtu aliyetafuta msaada alijua pa kwenda. Geti la leo lina kazi iliyo kinyume: ni mahali ambapo shauri la mtu hukomea kabla halijasikilizwa.

Neno moja linaonyesha mabadiliko hayo kuliko takwimu. Watu wa pwani, na wa bara waliojifunza kwao, hawakuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Aliyefika alisema hodi, aliye ndani akajibu karibu, na mara nyingi alijibu hata kabla hajajua ni nani. Ndiyo adabu yenyewe: ukaribisho ulitangulia utambulisho. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na baraza mbele, na hata aliyekuwa na haja ndogo tu, ya chumvi au kiberiti, alipata pa kuketi. Leo anayefika hupiga simu: “Nipo getini.” Ni jambo dogo na la kufaa, lakini limegeuza mpangilio wote. Anayefunguliwa ni yule aliye na namba. Mjane wa mtaa wa pili hana namba, na kijana anayetafuta kibarua cha kufyeka hana. Wakristo wanaopita Sabato jioni na vijitabu huvipenyeza chini ya geti na kuendelea na safari, kisha katika taarifa inaandikwa kwamba nyumba kadhaa zimefikiwa. Ellen White, katika kitabu chake cha 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, alieleza njia ya Kristo kwa mpangilio unaojulikana sana na washiriki: kwanza alichangamana na watu kama mtu anayewatakia mema, akawahurumia, akawahudumia, wakamwamini, ndipo akawaita wamfuate. Kijitabu kilichopenyezwa chini ya geti kinaanzia mwisho.

Yesu alisimulia habari za mtu aliyelazwa getini. Katika Luka 16, Lazaro yupo mlangoni pa tajiri, ana vidonda, anatamani makombo. Darasa linapolisoma fungu hili kwa kawaida hukaa kwenye utajiri na umaskini. Liangalieni safari hii kwa jambo jingine. Hakuna mahali paliposemwa kwamba tajiri alimfukuza Lazaro, wala kwamba alimpiga au kumtukana. Na katika aya ya 24, akiwa katika mateso, anamtaja kwa jina! Alimjua. Ni mitaa mingapi ya Madale ambako aliye upande huu wa ukuta hajui hata jina la aliye upande wa pili? Mara nyingi majina hujulikana siku ya msiba, turubai linapofungwa na viti vya plastiki kupangwa mpaka barabarani. Siku hiyo geti huachwa wazi mchana na usiku, na watu husalimiana kama waliosafiri mbali. Baada ya mazishi hufungwa tena.

Hapa mshiriki mmoja darasani atainua mkono na kusema habari za wezi, na asikilizwe. Mwaka 2022 makundi ya vijana waliojulikana kama Panya Road yalivamia nyumba za watu Dar es Salaam wakiwa na mapanga. Walioamshwa hivyo usiku hawahitaji kuhubiriwa kwamba Mungu ni ngome, kana kwamba ni kukosa imani kufunga mlango. Lakini waulizwe pia walinzi wenye uzoefu. Ukuta mrefu humzuia mwizi kuingia, akishaingia, humficha. Anayepiga yowe ndani ya kuta nne hutegemea kwamba jirani atatoka, naye jirani, asiyemjua, hufunga dirisha. Serikali za mitaa zilipohimiza ulinzi shirikishi zilikuwa zikirudi kwenye jambo la zamani. Katika miaka ya 1960 TANU iliwapanga watu kwa nyumba kumi kumi, na mjumbe alijua nani amelala wapi. Mpango ule ulikuwa wa kisiasa na ulikuwa na kasoro zake. Kujuliwa na mjumbe si raha kila siku. Hata hivyo, leo mtu huenda ofisi ya mtaa kuomba barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti ambaye hajapata kumwona, na wote wawili huona ni sawa tu.

Torati inayo amri kuhusu nyumba mpya, na kwa wajenzi wa Madale ingefaa isomwe siku ya kuweka msingi. Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza anayejenga aweke ukuta mdogo kuzunguka dari. Dari za wakati ule zilikuwa tambarare. Watu walipumzika huko, na Petro alikuwa akiomba juu ya dari kule Yafa (Matendo 10:9). Ukuta huo ulikuwa wa nini? Ulikuwa wa kumzuia mtu mwingine asianguke, ili damu yake isiwe juu ya nyumba. Ukuta pekee ambao sheria ya Musa inamwamuru mwenye nyumba mpya kuujenga ni ule unaomlinda aliyekaribishwa. Amri hiyo haikudhani kabisa kwamba dari itakuwa tupu.

Sasa kuna mgeni mmoja ambaye hata nyumba yenye ukuta mrefu kuliko zote inaye ndani ya malango yake. Ni mlinzi. Mara nyingi ni kijana aliyetoka mbali, wa Kimasai au wa mkoa mwingine wa bara, anayelala kwenye kibanda kando ya geti. Pamoja naye yupo dada wa kazi. Siku ya maandalio, Ijumaa, ndiye anayefua, kupiga pasi na kupika chakula cha Sabato, mpaka jua linapozama na familia kukusanyika kuimba. Asubuhi gari linatoka kwenda kanisani. Katika nyumba nyingine dada yumo garini, naye Mungu asifiwe. Katika nyingine amebaki na maagizo ya kupasha chakula, na geti limefungwa na yule yule aliyelifunga jana na juzi. Kumbukumbu la Torati 5:14 linatoa sababu kwa maneno yasiyo na kona: mtumishi apumzike kama bwana wake anavyopumzika. Aya inayofuata inamkumbusha bwana kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa Misri.

Hoja ya kumtetea mwenye nyumba ipo, nayo ni ya Biblia. Nehemia, Sabato ilipokaribia, aliyafunga malango ya Yerusalemu na kuwaweka vijana wake kulinda. Kama Nehemia aliweka walinzi siku ya Sabato, kosa li wapi? Lakini soma mpaka aya ya 22. Malango yalifungwa ili biashara isiingie na mji wote upumzike, na hatimaye ulinzi ule wakakabidhiwa Walawi kama huduma takatifu. Ulikuwa mzigo wa wale waliokuwa na Sabato, uliobebwa kwa ajili ya wengine. Wa Madale umekuwa mzigo wa asiye na Sabato, anayewabebea walio nayo.

Wapo watakaosema mlinzi ni Mwislamu, au ni Mlutheri, au hana dini, hivyo Sabato haimhusu. Amri haikuuliza dini ya mgeni. Haikumlazimisha kuabudu pia; ilimpa pumziko. Anaweza kulitumia kulala, kufua shuka lake, au kwenda kumwona nduguye Mbagala. Wengine watasema kumlipa mtu wa pili siku moja kwa juma ni gharama. Ni gharama kweli. Nyumba tatu zinazofuatana zikishirikiana, gharama hupungua. Ila kwa hilo ni lazima wenye nyumba tatu waongee, na wakiwa hawajawahi kuongea ndipo darasa litajua kazi inaanzia wapi.

Kabla ya kufunga kipindi, kila mshiriki aandike kwenye karatasi majina ya wanaoishi nyumba ya kushoto, ya kulia na ya mbele. Asiyeyajua asione haya. Amuulize mlinzi wake jioni hii. Yeye huwa anayajua yote.