Talaka za Mataifa

Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, tarehe 31 Januari 2020, vijana waliniuliza kama nchi ina haki ya kufanya hivyo. Haki ipo. Lakini mimi, niliyekuwa mwalimu kijana hapa Mtwara mwaka 1977, najua kwamba swali halikomei hapo.

Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Hata bandari yetu ilikuwa chini ya shirika la Jumuiya. Mpaka na Kenya ulifungwa hadi 1983. Mkataba wa kugawana mali na madeni ukatiwa saini 1984. Watumishi wengi walisubiri mafao yao miaka na miaka. Jirani yangu mmoja, karani, alizoea kuniuliza: "Mwalimu, waliotalikiana ni wao, mbona eda nakaa mimi?"

Sikuwa na jibu. Nchi hizo tatu zilirudiana mwaka 1999, lakini miaka ya mtu hairudi. Leo nasema hivi: serikali zikitaka kuachana, na ziachane, ila haki ya mnyonge, ambaye hakuulizwa, ilipwe kwanza, kabla ya kugawana vyombo vya nyumba.