Upanga wa Nobu

Somo: 1 Samweli 21:1–9, 22:6–19

Daudi alifika Nobu akiwa mkimbizi, akamwambia kuhani Ahimeleki kwamba mfalme Sauli ndiye aliyemtuma. Hakuwa ametumwa. Aliomba mkate, kisha akaomba silaha. Kuhani akamwonyesha upanga wa Goliathi, umefungwa katika nguo nyuma ya naivera, akamkabidhi kwa moyo mweupe, kwa kuwa Daudi alikuwa mkwe wa mfalme. Doegi Mwedomi alikuwa pale, akaona, kisha akamwambia Sauli. Sura inayofuata, kwa amri ya Sauli na mkono wa Doegi makuhani 85 wanauawa, na mji wao nao unapigwa.

Damu ile iko juu ya Sauli na Doegi. Hata hivyo ule upanga ndani ya nguo haunitoki akilini, maana majumbani mwetu upo.

Kikao cha ukoo kikikaa baada ya arobaini, shamba hujadiliwa hadi jioni na ng'ombe huhesabiwa mmoja mmoja. Bunduki ya marehemu haitajwi. Imezungushiwa khanga nyuma ya kabati la mjane, risasi zimo kwenye kopo la maziwa. Watu wakianza kuaga, kaka mkubwa anasema, "Hii nitakaa nayo mimi," na wote wanaitikia. Ni mtu mwema, anataka kufukuza ngedere shambani. Lakini tangu saa hiyo ameshika silaha asiyo na kibali nayo.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni hupewa mtu, naye akifa hairithiwi. Familia itoe taarifa polisi, ikabidhi bunduki, risasi na leseni ya marehemu, na anayetaka kuirithi bunduki hiyo aombe kibali kwa jina lake mwenyewe, kuanzia serikali ya mtaa au kijiji. Kutajwa kwenye mirathi hakutoshi.

Wapo wanaonung'unika: mali ya baba yangu, niiombee ruhusa? Ndugu zangu, sisi ndio tunaojua nani akilewa hutafuta ugomvi, nani anampiga mkewe, nani amewahi kusema amechoka kuishi. Kikaoni tunanyamaza kwa kuoneana haya. Maswali ambayo maofisa humuuliza mwombaji wa kibali yanamlinda hata huyo anayeulizwa, nami nayaona kuwa sehemu ya kumpenda jirani.

Kwa familia ambazo miaka imepita bila kutoa taarifa na sasa zinaogopa: mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliutenga Septemba kuwa Mwezi wa Msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na Jeshi la Polisi nchini limewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa. Ulizeni kituoni mapema, kabla mtu hajaibeba bunduki barabarani. Na mjane asiachiwe jambo hili peke yake. Mwenyekiti wa mtaa amsindikize, na msimamizi wa mirathi awepo. Mkiniita, nami nitakwenda.