Fuateni Mzigo Mzito

Wajukuu zangu, nasikia baadhi yenu mmeanza kuitwa kwenye vikao vya ushirikiano wa kikanda, na wengine mnaandika miradi ya kupeleka Kindu, makao makuu ya jimbo letu la Maniema hapa Kongo, ili Kasongo na Kabambare nazo ziingizwe katika mipango ya nchi jirani. Vyema. Ila kabla hamjaizoea lugha ya vikao hivyo, naombeni masikio yenu kidogo.

Biashara yetu na mashariki haikuanza na serikali. Karne ya 19 ilikuwepo njia moja: Zanzibar, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, Kabambare, Kasongo, hadi Nyangwe. Ilipangwa kwa akili sana. Matajiri wa Unguja walikopesha bidhaa, misafara ikawa na vituo, vituo vikawa na mashamba ya kuwalisha wapagazi. Mpunga tunaoulima ulikuja kwa njia hiyo. Kila mkuu wa msafara alijua anachokifuata, nacho kilikuwa pembe za ndovu na watu. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, aliielewa mikakati kuliko mtaalamu yeyote mtakayemkuta kwenye vikao vya hotelini Bujumbura. Na tarehe 15 Julai 1871, wafanyabiashara wa njia hiyohiyo waliwamiminia risasi wanawake waliokuja sokoni Nyangwe, msafiri Livingstone akiona kwa macho yake.

Kwa hiyo mkiletewa andiko linalojiita la kimkakati, msipige makofi upesi. Ulizeni ni mkakati wa nani, na humo ndani sisi tumewekwa wapi.

Wabelgiji nao walipanga. Mwaka 1915 reli yao kutoka Kabalo ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kalemie leo. Mwaka 1921 wakapatana na Waingereza wapewe sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam, mali ya Kongo ifike Bahari ya Hindi bila kusumbuliwa. Treni, meli, kisha treni tena. Ilifanya kazi. Mkulima wa Maniema alilazimishwa kulima pamba. Rai yake hakuna aliyeitaka.

Halafu tukajitawala, tukaanza kuunda jumuiya zetu wenyewe. Tarehe 20 Septemba 1976, kule Gisenyi, Zaire (Kongo ya leo), Rwanda na Burundi zilianzisha CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Ilipewa benki ya maendeleo Goma, taasisi ya utafiti wa kilimo Gitega, na mashirika mengine. Vita vya miaka ya 1990 viliilaza karibu yote, ikabidi ifufuliwe mwaka 2007. Someni vizuri nini hakikulala. Bwawa la Ruzizi la pili, lililojengwa 1989 na kumilikiwa na nchi zote tatu, liliendelea kutoa umeme, kwa sababu kila mji ulioutegemea ungebaki gizani. Na akina mama wa Goma na Gisenyi waliendelea kuvuka mpaka na vikapu vyao kila amani iliporuhusu. Bwawa hilo na biashara hiyo vilikuwa na wenyewe, watu wa pande zote waliovihitaji kila siku.

Sasa tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Tumo pia SADC, tumo COMESA, tumo katika Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu. Nchi yetu ina viti vingi kuliko makalio, nisameheni. Kila kiti kina semina zake na posho zake, na barabara ya kutoka Kabambare kwenda Lulimba na Fizi mpaka Baraka inaendelea kuwavunja vijana wa pikipiki migongo.

Sababu moja ya barabara kubaki hivyo naiona hapahapa kwetu, nayo ni dhahabu. Dhahabu ya Namoya na Salamabila haihitaji barabara, hukaa mfukoni. Anayeishi kwa dhahabu hana haja ya kupigania daraja. Wengine hata wanafurahi likianguka. Viongozi wa Maziwa Makuu walipokutana Lusaka Desemba 2010 walikubaliana kuhusu vyeti vya madini, dhahabu ikiwemo. Sisemi walikosea. Nasema walianza na kilicho chepesi kubeba na rahisi kuficha, kisha tukashangaa vyeti haviizuii kutoroka.

Mchele haufichiki. Mawese hayafichiki. Gunia linataka daraja, linataka ghala Baraka au Kalemie, linataka mashua ya kwenda Kigoma na mtu wa forodha asiyekula nusu yake. Mpango unaoweza kulifikisha gunia la mama wa Kasongo ng'ambo ya ziwa utakuwa umerekebisha mambo mengine mengi njiani, hata bariyeri, vile vizuizi vya kutoza pesa barabarani. Ndiyo maana nawaambia mfuate mzigo mzito.

Katika sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kupita kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Haki hiyo moja, ikitekelezwa kwenye bandari zetu za ziwa, ina uzito kuliko maazimio kumi. Halafu kuna mpango wa reli ya Uvinza, Musongati, Gitega hadi Kindu. Msingoje wahandisi waje kuuliza. Kaeni njiani Kabambare siku za soko, andikeni magunia mangapi yanapita, ya nani, yanaenda wapi, bariyeri ngapi zimelipwa na kiasi gani. Fanyeni hivyo masika na kiangazi. Mkiingia Kindu na daftari hilo, mtakuwa watu pekee chumbani wenye hesabu ya Maniema kusini.

Msiende peke yenu, maana mpango wenye faida upande mmoja hufa mfadhili akifunga begi. Tafuteni wanunuzi wa mchele na mawese Kigoma, muwaulize wanachokitaka, wanachokikataa, na wao wangetuletea nini: chumvi ya Uvinza, dagaa, saruji. Wanazungumza Kiswahili kama nyinyi. Hapahitajiki mkalimani wala hoteli. Mpatane kwanza bei, vipimo, na nani atalipa ghala mwaka wa tatu. Serikali mziite baadaye, zije kutia sahihi.